Linux ya matoleo au ya mfululizo: chagua moja, kisha isasishe bila kuvunja mashine

"Nichukue Debian au Arch?" "Mbona LibreOffice ya Debian ni ya zamani?" "Nimesasisha jana, leo mashine haiwaki." Tangu Windows 10 iishiwe na huduma ya masasisho Oktoba 14, 2025 na watu waanze kuhamia Linux, maswali haya matatu hayaishi, na anayeuliza mara nyingi ameshasakinisha kitu bila kujua kinavyosasishwa. Nayajibu yote hapa kwa mpigo.

Nadharia ni fupi. Distro (mifumo ya Linux iliyofungashwa tayari) za matoleo, mfano Debian na Ubuntu, hukusanya programu zote, huzipima pamoja, huzipa namba, kisha huzigandisha. Baada ya hapo kinachoingia ni viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu. Distro za mfululizo, mfano Arch na openSUSE Tumbleweed, hazina namba. Programu mpya ikitoka na kupita majaribio, inateremka kwako, wiki nenda wiki rudi. Mabadiliko ni yaleyale, kinachotofautiana ni siku ya kuyapokea. Ni kama kodi ya chumba: kuna anayelipa kila mwezi na kuna anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo, lakini hakuna asiyelipa.

Kwa hiyo usijiulize ipi ni mpya zaidi. Jiulize kama una nusu saa ya kukaa na mashine hiyo kila wiki, au unaweza tu kuitengea siku moja kila baada ya miaka miwili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Flashi ya GB 8 au zaidi, yenye kisakinishi cha distro yako. Hii ndiyo ya kuokolea mashine isipowaka. Itengeneze leo, maana mashine ikishazima huna pa kuitengenezea.
- Diski ya nje ya kuwekea nakala, iliyofomatiwa ext4 au exFAT. FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4.
- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na chaji na waya uchomekwe. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika kerneli (kiini cha mfumo), utarudi kwenye flashi.
- Bando la kutosha. Kupandisha Debian yenye eneo-kazi kamili kunakula GB kadhaa. Arch ya kila wiki ni MB mia kadhaa, na wiki nyingine inapita GB 1.
- Simu yenye intaneti, ili usome maelekezo wakati kompyuta imelala.

Hatua za wote

1. Jua uko wapi. Fungua terminali, andika:

`cat /etc/os-release`

Kwenye Debian 12 utaona `VERSION_CODENAME=bookworm`. Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, huandika `trixie`. Kwenye Arch utakuta `BUILD_ID=rolling`, basi, hakuna namba ya kutafuta. Ubuntu inasomeka kirahisi: namba ni mwaka na mwezi, kwa hiyo 24.04 ni ya Aprili 2024. Ukikuta 20.04, muda wake wa kawaida uliisha Mei 2025. Ama upandishe, ama uiunganishe na Ubuntu Pro, ambayo mtu binafsi anaipata bure kwa mashine zisizozidi 5.

2. Chagua kwa kazi ya mashine. Kompyuta ya kaunta, seva ya shule, mashine ya mama nyumbani: weka Debian, au Ubuntu ya LTS (toleo la huduma ndefu). LTS hutoka kila miaka miwili mwezi wa Aprili na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Debian hupata miaka 3 ya kawaida na 2 ya ziada. Usichukue zile Ubuntu za katikati kwa ajili ya seva, kwani muda wake ni miezi 9 tu.

Ikiwa unaandika programu na unahitaji vifaa vipya, au laptopu yako ni mpya kiasi kwamba kerneli ya Debian haiioni wifi yake, hapo mfululizo una maana. Lakini jaribu kwanza Debian 13: kerneli yake ni 6.12, wakati ya Debian 12 ilikuwa 6.1, na tofauti hiyo peke yake inamaliza kesi nyingi za wifi. Fedora inakaa katikati: ina namba, ila hutoka takriban kila miezi 6 na kila toleo huhudumiwa kama miezi 13.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni Debian 13 au Ubuntu 24.04. Ukishikilia kwamba lazima uwe kwenye mfululizo, anza na Tumbleweed badala ya Arch. Tumbleweed hupimwa na mitambo ya openQA kabla haijatolewa, na ukiisakinisha kwa mpangilio wake wa kawaida inakaa juu ya mfumo wa mafaili wa Btrfs na kupiga picha ya mfumo kila unaposasisha. Kukiharibika, unachagua picha ya jana kwenye menyu ya kuwashia. Arch haikupi hilo mpaka ulijenge mwenyewe.

Na kama unachotaka ni programu moja tu iliyo mpya, usihamishe nyumba kwa sababu ya kijiko. Baki na Debian, sakinisha Flatpak (njia ya kusakinisha programu zilizofungashwa peke yake), chukua programu hiyo Flathub, ghala lake.

3. Weka nakala, kisha ifungue uone.

`sudo tar -cpzf /media/diski/nyumbani.tar.gz /home /etc`
`tar -tzf /media/diski/nyumbani.tar.gz | head`

Amri ya pili inaorodhesha mafaili ya mwanzo yaliyomo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala. Kuanzia hapa tunaachana: wa matoleo soma sehemu inayofuata, wa mfululizo ruka hadi ya Arch.

Wa matoleo: kutoka Debian 12 kwenda 13

Usiruke toleo. Aliye kwenye 11 apite kwanza 12, awashe upya, ndipo aje 13.

1. Maliza masasisho ya toleo ulilonalo kwa apt, kisakinishi cha programu cha Debian.

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Wengi huiona hatua hii kama kupoteza bando, na ndiyo inayowaumiza wanaofanya kazi kwa SSH (njia ya kuendesha kompyuta ya mbali): openssh ya zamani ya Debian 12 inaweza kukataa miunganisho mipya katikati ya upandishaji. Iliyosasishwa imerekebishwa. Ukiwa mbali na seva, fungua kwanza `tmux`, ili mtandao ukikatika kazi iendelee bila wewe.

2. Tazama nafasi.

`df -h / /boot`

Nyaraka za Debian 13 zinataka `/boot` (sehemu ya mafaili ya kuwashia) iwe na ukubwa wa MB 768 angalau, na MB 300 hivi ziwe wazi. Mashine zilizosakinishwa zamani zikiwa na `/boot` ndogo ndizo zinazokwama. Ondoa kerneli za zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`.

3. Zima maghala ya nje, yaani vyanzo vya programu visivyo vya Debian. Ingia `/etc/apt/sources.list.d/`. Kila faili lisilo la Debian, liwe la kivinjari au la Docker, lipe jina linaloishia `.off`. Utayarudisha baadaye, moja moja.

4. Badilisha jina la toleo.

`sudo sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list`

Fungua faili hilo ulisome kwa macho. Ukikuta neno `stable` mahali pa jina, libadilishe sasa hivi. `stable` maana yake ni toleo lolote lililo imara kwa wakati huo; walioliandika walijikuta wakivutwa kuingia Debian 13 Agosti 2025 bila kuomba, siku waliyodhani wanachukua viraka vya kawaida.

5. Pakua kwanza, sakinisha baadaye. Kama bando lako la bei nafuu ni la usiku:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade --download-only`

Asubuhi vifurushi vyote viko kwenye diski na kazi iliyobaki haihitaji mtandao.

6. Pandisha kwa awamu mbili.

`sudo apt upgrade --without-new-pkgs`
`sudo apt full-upgrade`

Kabla ya kubonyeza Y kwenye ya pili, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona eneo-kazi lako lote linataka kutolewa, jibu N, na uangalie kama kuna ghala la nje ulilosahau.

Katikati utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio: ubaki na lako au uchukue jipya? Ulilolihariri wewe, baki nalo, yaani N. Bonyeza D kwanza uone tofauti. Ambalo hukumbuki kuligusa, chukua jipya.

7. Washa upya, kagua. `cat /etc/debian_version` isome 13. Kisha angalia vitu vinavyotegemea namba. PHP imetoka 8.2 kwenda 8.4, na Apache inaweza kuwa bado inaita ya zamani:

`sudo apt install libapache2-mod-php8.4`
`sudo a2dismod php8.2 && sudo a2enmod php8.4`
`sudo systemctl restart apache2`

Hifadhidata ya PostgreSQL imetoka 15 kwenda 17, lakini data yako haihami yenyewe. `pg_lsclusters` itakuonyesha ipo wapi. Amri ya `pg_upgradecluster` ndiyo ya kuihamishia. Usiifute 15 kabla ya hapo.

Wa Ubuntu mna njia fupi: `sudo do-release-upgrade`. Msishangae LTS mpya ikitoka Aprili na mashine ikasema hakuna kitu. Anayetoka LTS kwenda LTS hufunguliwa mlango baada ya toleo dogo la kwanza, lile lenye `.1` mwishoni, na hiyo ni neema.

Wa mfululizo: Arch kila wiki

Chagua siku. Jumamosi asubuhi inafaa. Jumatatu saa mbili kabla ya kikao haifai kabisa.

1. Soma habari za ukurasa wa mbele wa archlinux.org. Ni dakika moja. Juni 2025 kifurushi cha `linux-firmware` kiligawanywa vipandevipande, na waliosasisha bila kusoma walikutana na ukuta wa mistari iliyoishia `exists in filesystem`. Tiba ilikuwa imeshaandikwa palepale, amri mbili tu: ondoa kifurushi kwa `pacman -Rdd linux-firmware`, kisha `pacman -Syu linux-firmware`. Wengine walikimbilia `--overwrite '*'` waliyoiokota mahali. Usiitumie hiyo. Inamwambia pacman, kisakinishi cha Arch, afumbe macho juu ya faili lolote, hata lisilohusika.

2. Ona kinachokuja. Sakinisha `pacman-contrib`, kisha andika `checkupdates`. Ukiona kerneli, `grub` (programu ya kuwashia mashine), `systemd` (msimamizi wa huduma) au draiva ya kadi ya picha, hakikisha una muda wa kuwasha upya. Agosti 2022 sasisho la GRUB liliacha mashine nyingi za ukoo wa Arch zikishindwa kuwaka.

3. Sasisha vyote, au acha vyote.

`sudo pacman -Syu`

Kosa kubwa la Arch ni `pacman -Sy jina-la-kifurushi`. Herufi `y` huleta orodha mpya ya ghala. Bila `u`, programu ile moja inakuja ikiwa imejengwa juu ya maktaba mpya (mafaili yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ambazo wewe huna. Au ibebe maktaba mpya pamoja nayo, na sasa programu nyingine kumi zinatafuta ile ya zamani:

`error while loading shared libraries: libicuuc.so.75: cannot open shared object file`

Ukiona sentensi ya namna hiyo, ujue umesasisha nusu. Maliza kwa `-Syu`. Distro za matoleo hazina balaa hili kwa sababu maktaba zake hazisogei hovyo; kwenye mfululizo, ghala zima husogea pamoja na wewe usogee nalo.

4. Shughulikia mafaili ya `.pacnew`. Faili la mipangilio ulilolihariri haliguswi. Jipya huwekwa pembeni likiwa na mkia huo. Endesha `sudo pacdiff`, linganisha, unganisha. Ukiyaacha mwaka mzima, siku moja huduma itakataa kuanza kwa sababu ya mpangilio uliofutwa zamani.

5. Washa upya kama kerneli imebadilika. Arch huondoa moduli za kerneli ya zamani papo hapo, huku kerneli hiyo ndiyo bado inaendesha mashine. Matokeo yake ni kioja: kila kitu kinaenda vizuri, unachomeka flashi, kimya. Haionekani. Flashi haijafa, ni moduli ya kuisoma ndiyo haipo tena.

6. Weka kerneli ya akiba. `sudo pacman -S linux-lts`, mara moja tu, kisha `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg` kama unatumia GRUB. Kerneli mpya ikikorofisha, unachagua hii kwenye menyu.

7. Punguza mizigo. `sudo paccache -r` hubakiza nakala 3 za mwisho za kila kifurushi. Usifute zote, hizo ndizo za kurudi nyuma.

Kwenye Tumbleweed amri ni `sudo zypper dup`. Usitumie `zypper up` huko.

Kuhusu "ya zamani" na "salama"

Swali hili linarudi sana. Tazama namba ya kifurushi cha Debian 12: mwishoni utaona mkia kama `deb12u2`. Maana yake kiraka, mara nyingi cha usalama, kimerudishwa kwenye toleo lilelile la zamani, mara ya pili. Kwa hiyo mkaguzi anayesoma namba ya mbele tu na kudai seva yako ina tundu, mwonyeshe mkia.

Upya nao una siku zake mbaya. Machi 29, 2024 mwandishi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1 zina mlango wa siri. Aligundua kwa kuona SSH inachelewa kama nusu sekunde kwenye Debian sid, tawi la Debian lisilogandishwa. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika Tumbleweed, Arch, Fedora Rawhide na Debian ya majaribio. Debian 12 ilikuwa na 5.4.1, haikuguswa. Lakini usijenge dini juu ya kisa kimoja: hitilafu za kawaida, mfululizo huzipatia dawa mapema, bila kungoja mtu airudishe kwenye toleo la zamani.

Mambo yakiharibika

*Umeme umekatika katikati ya apt.* Washa, ingia, kisha:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Halafu rudia `full-upgrade`.

*`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`.* Kuna masasisho ya chinichini yanaendelea. Subiri dakika chache. Usifute faili la kufuli.

*`unable to lock database` kwenye pacman.* Hakikisha kwa `ps aux | grep pacman` kwamba hakuna pacman nyingine hai. Ikiwa hakuna kweli, na hapo awali ilikatizwa, futa `/var/lib/pacman/db.lck`.

*`signature is unknown trust`.* Umekaa miezi bila kusasisha Arch, na funguo zako zimepitwa. `sudo pacman -Sy archlinux-keyring && sudo pacman -Su`. Hapa ndipo pekee ninaporuhusu `-Sy`, na ni kwa sababu `-Su` inafuata mkiani.

*`Release file is not valid yet`.* Watu huhangaika na mtandao, kumbe saa ya kompyuta iko nyuma. Mashine nyingi za mitumba zina betri ya ubao mama iliyokufa, zikizimwa zinarudi miaka nyuma. Rekebisha tarehe, rudia `apt update`, nunua betri ya CR2032.

*Baada ya kupanda Debian 13, mtandao wa waya haupo.* Jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika. `ip link` ikuonyeshe jina jipya, liandike kwenye `/etc/network/interfaces`.

*Skrini nyeusi baada ya kerneli mpya.* Kwenye menyu ya GRUB ingia `Advanced options`, chagua kerneli ya awali. Wa Arch chagueni `linux-lts`.

*Arch haiwaki hata kidogo.* Washa kwa flashi, pandisha sehemu ya diski kwa `mount /dev/sdXn /mnt`, na `/boot` yake kama iko peke yake, kisha `arch-chroot /mnt`. Ukiwa ndani, maliza `pacman -Syu` iliyokatika na uendeshe `mkinitcpio -P`. Kama kosa ni la kifurushi kimoja, rudisha cha awali kwa `pacman -U` kutoka `/var/cache/pacman/pkg/`.

*Niliweka `sid` kwenye Debian, nataka kurudi kwenye imara.* Hakuna njia ya kushuka inayokubalika. Andika orodha ya programu zako, `apt-mark showmanual > programu.txt`, iweke kwenye diski ya nje pamoja na nakala ya `/home`, na usakinishe Debian 13 upya.